Mabano ya Forsskål: Umbo na Mtindo katika Uandishi wa Kisayansi

Mhadhara uliotolewa Maskati mbele ya wanafunzi na watafiti wasemao Kiswahili

 

Mada niliyopewa ni mtindo na umbo la maandishi ya kisayansi, na najua ikitajwa tu watu huanza kupiga miayo. Mwanafunzi hukumbuka usiku ule wa mwisho kabla ya kuwasilisha tasnifu, anahamisha koma za marejeleo mpaka adhana ya alfajiri. Basi koma tuziweke kando kwanza. Nitaanza na mti.

Mti wenyewe uko hapa hapa Maskati, Qurum, katika ile hifadhi ya mikoko ambayo magari huipita kila siku bila ya wengi kugeuza shingo. Mtaa umepata jina lake kwa mti huo. Watu wa Unguja, Pemba na Lamu wanaujua vizuri. Kwetu ni mchu. Lakini katika makala ya kisayansi huandikwa hivi: *Avicennia marina* (Forssk.) Vierh. Tuusome mstari huu polepole, maana somo langu karibu lote limo humo.

Neno la kwanza ni jina la jenasi, ndiyo maana likaanza kwa herufi kubwa. Linnaeus aliliunda kwa heshima ya Ibn Sina. La pili ni la spishi, nalo huanza kwa herufi ndogo. Yote mawili yamelazwa, yaani yako katika italiki, ili jicho lijue kuwa hapa linasoma jina la kiumbe na si maneno ya kawaida. Kisha yanakuja mabano. Forssk. ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyekuja Arabuni na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark, akafa kwa malaria huko Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775 na mwenzake Carsten Niebuhr, mtu pekee wa msafara ule aliyerudi nyumbani hai, naye alipita katika bandari yetu hii ya Maskati Januari 1765 akiwa kesha wazika wenziwe wote. Mabano yanasema kuwa Forsskål ndiye wa kwanza kuueleza mti huu, ila aliuweka katika jenasi nyingine. Vierh. ni Friedrich Vierhapper, mtaalamu wa mimea wa Austria, ambaye mwaka 1907 aliuhamishia kwenye *Avicennia*.

Sasa yaondoeni mabano. Andikeni *Avicennia marina* Forssk. Mtakuwa mmesema uongo: kwamba Forsskål mwenyewe ndiye aliyeuweka mti hapo. Mabano hayo mawili yamebeba miaka 132 ya kazi za watu wawili ambao hawakuonana. Mhariri anayewarudishia makala kwa sababu ya mabano hawachezei. Anawaambia kuwa sentensi yenu si kweli.

Ninachotaka kusema leo ni hiki. Umbo la andiko la kisayansi ni sehemu ya hoja yake, na kila kanuni ya umbo ipimwe kwa msomaji mmoja: mgeni asiyekujua, aliye mbali, asiyeweza kukupigia simu, lakini anayetaka kurudia ulichofanya au kukubishia. Kanuni inayomsaidia mtu huyo ishikeni kwa meno. Isiyomsaidia iachieni programu ya kompyuta.

Na zipo zisizomsaidia. Mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana mji wa Vancouver, Kanada, kwa sababu ya kero moja ya kweli. Mwandishi aliyekataliwa na jarida hili alilazimika kupiga chapa upya makala nzima kwa ajili ya jarida lile, kwa kuwa kila moja lilitaka marejeleo kwa sura yake. Walikubaliana sura moja, ndio huo mtindo wa Vancouver ambao wanatiba mnautumia, wa namba ndani ya matini na orodha mwishoni. Kikundi kile baadaye kikawa Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba. Lengo lilikuwa kumwondolea mwandishi mzigo, na baada ya miaka yote hiyo bado naona wanafunzi wanalia kwa nukta baada ya mwaka. Kuna mitindo kwa maelfu, na Zotero na programu nyingine za kupanga marejeleo huibadilisha kwa kubofya mara moja. Msimamizi anayekata alama kwa nukta iliyokosekana baada ya jina la jarida, huku hajafungua hata makala moja kati ya zilizotajwa aone kama inasema anayodai mwanafunzi, ameisahau kazi yake.

Lakini kuna jambo moja la marejeleo ambalo programu hailiwezi, nalo linatuhusu sisi kuliko wengine: majina. Chukueni mtu aliyezaliwa Unguja, cheti chake kikaandikwa Nassor. Akaja Omani, pasipoti ikaandikwa Nasser, na mwishoni likaongezwa jina la kabila. Kabila lenyewe huandikwa Al-Harthi, Al Harthi, Al-Harthy, Alharthi, na kwa watu wa zamani wa Afrika Mashariki El-Harthy. Makala yake ya kwanza aliichapishia Dar es Salaam, na mhariri akalichukua jina la baba yake kuwa jina la ukoo, kwa sababu ndilo lililokuwa la mwisho. Ya pili ameichapishia hapa kwa jina la kabila. Kwa hifadhidata, hao ni watu wawili, pengine watatu. Kisha linakuja suala la alifu na lamu: orodha nyingine hupanga kila Al chini ya A, kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa marejeleo ya makala ya Omani hujaa A peke yake. Nyingine huliruka Al na kupanga kwa herufi inayofuata, kama zilivyofanya fahirisi za Kiarabu tangu zamani. Mimi sina ugomvi na njia yoyote kati ya hizo, ugomvi wangu ni na mtu anayezichanganya katika orodha moja. Tangu mwaka 2012 ipo namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, ambayo humfuata mtafiti hata jina likibadilika. Ichukueni kabla ya makala ya kwanza, na siku hiyo hiyo chagueni tahajia moja ya majina yenu. Waulizeni wazee nyumbani kama mnataka, lakini mkishaamua, msirudi nyuma.

Twende kwenye tarakimu. Risiti ya duka hapa Maskati ikiandikwa 1.250, kila mtu anajua ni riyali moja na baisa mia mbili na hamsini, kwa sababu riyali ina baisa elfu moja na sisi tumezoea desimali tatu. Mtu aliyeshuka jana kutoka Berlin anaweza kuisoma elfu moja mia mbili na hamsini. Hakosei kwa ujinga, kwani nchi nyingi za Ulaya hutumia koma kwa desimali na nukta kwa maelfu. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliamua mwaka 2003 kuwa desimali inaweza kuandikwa kwa nukta au kwa koma, na kwamba maelfu yatengwe kwa nafasi tu, bila ya nukta wala koma. Andikeni 12 500 na msomaji wa pande zote atawaelewa.

Hospitalini jambo hili linaua. Daktari akiandika 1.0 mg, nukta ikififia kwenye karatasi, muuguzi atasoma 10. Akiandika .5 mg bila ya sifuri mbele, nukta ikipotea itakuwa 5. Ndiyo maana kanuni za usalama wa dawa zinakataza sifuri ya nyuma na kulazimisha ya mbele. Waandishi wa takwimu, kwa upande wao, wanaitaka sifuri ya nyuma, kwa sababu 1.0 inaeleza kuwa kipimo kilifika hadi sehemu ya kumi. Kanuni mbili zinazopingana, na zote ni sahihi, kila moja kwa msomaji wake. Mwanafunzi akiniuliza, "Mwalimu, ipi ndiyo sahihi?" namuuliza kwanza anamwandikia nani.

Saa nayo ni mtego wetu wenyewe. Mkienda kumhoji bibi wa Kizanzibari hapa Al Khuwair juu ya dawa zake za presha, atakwambieni anakunywa saa mbili, na msaidizi asiyejua Kiswahili ataingiza 02:00. Bibi alikusudia 08:00. Kosa la saa sita katika data ya dawa si dogo, na hakuna mhakiki wa makala atakayeligundua, kwa kuwa kwenye jedwali linaonekana safi kabisa. Na wikendi je? Hadi mwisho wa Aprili 2013 wikendi ya Omani ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Tangu tarehe 1 Mei mwaka huo ni Ijumaa na Jumamosi. Makala inayolinganisha wagonjwa wa dharura wa siku za kazi na wa wikendi, kuanzia 2010 hadi 2016, bila ya kutaja mabadiliko hayo, imechanganya Alhamisi mbili tofauti katika safu moja.

Na kompyuta ikiachiwa iamue umbo, huamua vibaya. Wanajenetiki walikuwa na jeni iitwayo SEPT2. Ukiiandika katika Excel, huigeuza kuwa tarehe, tarehe mbili Septemba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kosa la namna hii katika kama moja ya tano ya makala zilizoambatisha orodha za jeni za Excel. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilisalimu amri: jeni za namna hiyo zikapewa majina mapya. Wanasayansi wa dunia nzima wamebadilisha majina ili kuiridhisha programu ya hesabu za ofisi. Mnaweza kucheka, mimi pia nilicheka.

Sasa nifike kwenye mpangilio wenyewe wa makala: utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala. Wengi wenu mmefundishwa kana kwamba uliteremshwa. Hapana. Majarida makubwa ya tiba yalianza kuutumia katika miaka ya 1940, kufikia miaka ya 1970 ulikuwa katika makala nne kati ya tano, na katika miaka ya 1980 ndipo ulipobaki peke yake. Kabla ya hapo watu waliandika sayansi kwa maumbo mengine, na baadhi yao walikuwa jamaa zetu. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar, aliandika elimu ya bahari kwa nathari katika kitabu chake cha *al-Fawa'id* karibu na mwaka 1490, lakini mengi mengine aliyaweka katika urjuza, mashairi ya mizani ya rajaz, na mojawapo linahusu njia ya pwani ya Afrika hadi Sofala. Msomaji wake alikuwa chomboni usiku, hana taa ya kusomea, upepo unavuma. Alihitaji vipimo vya nyota anavyoweza kuvikariri. Umbo la shairi lilikuwa chombo cha kazi. Sasa msomaji wetu ana skrini, anatafuta jedwali la pili tu, kisha anaondoka. Mpangilio wa sehemu nne unamfaa kwa sababu unamwonyesha aende wapi.

Ila mpangilio huo una uongo wake. Mwaka 1963 Peter Medawar, mshindi wa Nobel ambaye baba yake alikuwa na asili ya Lebanoni, alizungumza kwenye redio ya BBC akauliza kama makala ya kisayansi si ulaghai. Hoja yake ilikuwa kwamba makala hujifanya mtafiti aliingia maabara na akili tupu, akakusanya ukweli, kisha mwishoni ndiyo akaanza kufikiri. Hakuna anayefanya kazi hivyo. Wazo huja kwanza, mara nyingi kwa bahati, na makala hulificha.

Mwaka ule ule wa 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, na kawaida wangeyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa haba. Mpemba akaogopa kuikosa, akayatia yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake aliyeyaweka baridi bado. Akamuuliza mwalimu, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Miaka ikapita, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne wa fizikia. Mpemba akanyanyuka akauliza: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kwa ujazo ule ule, yakiwekwa kwenye jokofu, kwa nini ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda? Darasa likacheka. Osborne hakucheka, au kama alicheka moyoni, aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanywe.

Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la *Physics Education*. Kichwa chake ni neno moja na alama ya kuuliza: "Cool?" Ina kurasa nne, na haina mpangilio wa sehemu nne hata kidogo. Mpemba anasimulia kwa "mimi", tangu jokofu la shule hadi kucheka kwa wenzake, ujinga wake na ukaidi wake vyote vimo. Kisha Osborne anaingia na sauti yake, na vipimo: ujazo wa maji, aina ya bika, namna zilivyowekwa. Kila ambacho Medawar alisema makala huficha, makala hii imekiacha wazi. Ningetamani kila mwanafunzi wa sayansi anayesema Kiswahili aisome mara moja kabla hajaandika utangulizi wake wa kwanza.

Lakini sikuileta hapa kuipamba tu. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walirudia majaribio ya namna hii na kupitia yaliyochapishwa na wengine. Walikuta kuwa ukihamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini ndani ya chombo, jibu linaweza kugeuka, na walihitimisha kuwa hawakuona ushahidi wa maana wa kuthibitisha athari ya Mpemba. Wapo wasiokubaliana nao, na mjadala unaendelea. Angalieni lakini ugomvi umeangukia wapi. Haukuangukia kwenye usimulizi wa kijana wala kwenye kichwa cha habari chenye mzaha. Umeangukia kwenye jambo la mbinu ambalo waandishi wengi kwa miaka mingi hawakuliandika kwa ukamilifu: kipimajoto kilikaa wapi? Sehemu ya mbinu, ambayo baadhi ya majarida huichapa kwa herufi ndogo na wanafunzi huinakili kutoka tasnifu ya mwaka jana, ndiyo iliyobeba kesi nzima. Makala inaweza kuwa na "mimi" na hadithi ya aiskrimu ikabaki sayansi. Ikikosa sentimita ile moja, msomaji hana cha kurudia.

Hili la "mimi" nalisisitiza kwa sababu tasnifu zetu za Kiswahili zina mazoea ya ajabu. Mwandishi hujiita "mtafiti": mtafiti alikwenda Pemba, mtafiti aliona, mtafiti alikubaliana na maoni hayo. Ukurasa wa tatu msomaji anauliza, mtafiti yupi? Huyu anayeandika au yule aliyetajwa aya iliyopita? Watson na Crick, mwaka 1953, walieleza umbo la DNA kwa "sisi", katika ukurasa mmoja na ziada kidogo, na hakuna aliyewaona hawana adabu. Kitenzi cha kutendwa nacho kina mahali pake. "Maji yalichemshwa" inatosha, kwa kuwa aliyeyachemsha si hoja. "Wagonjwa watatu waliondolewa" haitoshi kamwe. Nani aliwaondoa, lini, kabla ya kuona matokeo au baada? Pale ambapo mtu alifanya uamuzi, kitenzi kimtaje mtu huyo.

Nimalizie na jambo la hapa Maskati. Jarida la tiba la Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos limechapa kwa Kiingereza makala zenye ikisiri ya Kiarabu, na ni utaratibu mzuri. Utafiti uliofanywa kwa wazee wasemao Kiswahili, hapa au Zanzibar, unastahili ikisiri ya Kiswahili pia. Istilahi zipo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Lakini zaidi ya ikisiri nalitaka dodoso. Mara nyingi maswali huulizwa kwa Kiswahili, majibu yakaandikwa kwa Kiswahili, kisha makala ikachapa maswali ya Kiingereza peke yake, ambayo hakuna mhojiwa hata mmoja aliyeyasikia. Mtu akitaka kujua bibi wa Al Khuwair aliulizwa nini hasa kuhusu saa ya dawa zake, hana pa kuangalia. Lichapeni dodoso lenyewe, kwa lugha iliyoulizwa, pamoja na maelekezo waliyopewa wahoji. Maswali ishirini ni kurasa mbili. Majarida mengi huzipokea kama kiambatisho cha mtandaoni na hayazihesabu katika kikomo cha maneno.